Dobi wa Kuta

Mimi si mtu wa kumwamini mgeni, na sioni aibu kulisema. Nina miaka hamsini na mbili, nimeolewa nikaachika, nimeibiwa pasi ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo mtu akinichekea kabla hajanijua, machale yananicheza. Na huyu mzee alinichekea tangu getini. Mwembamba, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inasimama, mgongoni bomba la kupulizia dawa kama la wakulima, mkononi ndoo ya brashi. Watu walimwita Dobi. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, akastaafu, akageukia kuosha kuta za nyumba za watu.

Nilimwita kwa sababu nilibanwa. Nyumba ninayokaa si yangu, ni ya mdogo wangu wa kiume. Niliporudi kutoka kwa mume alinifungulia mlango akasema, "Dada, kaa, nitunzie nyumba." Nimekaa miaka tisa. Sasa ukungu wa kijani ulikuwa umepanda kwenye matofali mpaka chini ya madirisha, mistari myeusi inashuka kutoka kwenye bati, na mtu mmoja mwenye domo lake akampelekea mdogo wangu picha.

Jumatano hiyo, Dobi akigongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, simu ikaita. Niliweka spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga.

"Dada, Jumamosi tunakuja na wifi yako," mdogo wangu akasema. "Nikikuta nyumba imeoza sitagombana na mtu. Wifi yako ameshapata mpangaji. Wewe tutakutafutia chumba mahali."

"Mahali wapi?"

"Mahali tu, Dada."

Nilipogeuka, Dobi alikuwa amesimama kimya nje ya dirisha. Ala! Mtu mzima anasikiliza mambo ya watu! Nikalifunga dirisha kwa kishindo.

Kuanzia hapo sikumbandua macho. Alitoa msumari, akakwangua tofali moja karibu na ardhi, akanionyesha unga uliotoka. "Haya matofali ni ya zamani, mama. Nje yana ngozi ngumu ya moto wa tanuri, ndani ni laini. Ngozi ikitoka, hairudi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mashine ya presha hapa hapana. Ile ni ya sakafu ya zege. Huku ni dawa, brashi laini na subira."

Mh! Mtu akikutajia subira, ujue anataka kushinda kwako. Pale kona kuna jirani yangu anayeosha magari, ana mashine inayong'oa tope la wiki nzima kwa dakika tano. Kwa nini huyu aikatae? Ana lake jambo, nikasema moyoni.

Nyuma ya tangi la maji akaosha vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa sahani: kimoja kwa maji matupu, kingine kwa sabuni, cha mwisho kwa sabuni na dawa ya ukungu. Nikadhani ndiyo kazi imeanza. Thubutu! Akafungasha vitu vyake. "Nitaviangalia kesho vikikauka. Ukuta ukiwa umelowa unadanganya." Akanieleza kwamba hospitalini shuka lenye damu huliloweki kwenye maji ya moto, doa litaganda milele. Lazima ujue kwanza doa ni la nini na nguo ni ya aina gani. Yeye anasema, mimi nahesabu madirisha aliyoyatupia jicho.

Alhamisi alichagua njia ya kile kipande cha mwisho. Akaanza kwa kuyamwagia maua yangu maji, eti yakishiba hayatakunywa dawa. Halafu akapaka sabuni kuanzia chini kwenda juu. Nikamwambia hata mtoto anajua uchafu unashuka.

"Ukianzia juu inachuruzika kwenye pakavu, inaacha michirizi," akajibu bila kugeuka. "Kusuuza ndiko unaanzia juu."

Ana jibu la kila kitu. Na mtu mwenye jibu la kila kitu mimi namwogopa. Alipozunguka uani nikapita chumba kwa chumba nikimchungulia kwenye mapazia. Alikuwa anaosha ukuta tu. Nikazidi kuamini ananichezea shere. Jioni pande tatu za nyumba zilikuwa safi, matofali yamerudi na wekundu wake, na hata hilo halikunituliza.

Ijumaa akaanza upande wa mbele, ambao mgeni anauona kwanza. Saa saba mchana akasimama, akaupapasa.

"Huku ni laini zaidi, jua na mvua vimeula. Leo naulowesha dawa tu, ukungu ufe. Kesho asubuhi naumalizia kwa sponji. Kabla ya saa nne uko tayari."

"Wageni wangu wanakuja saa nne hiyo hiyo!"

"Nitakuwa nimemaliza, mama. Wewe usiuguse."

Akaondoka na mfuko umefura. Na mfuko ule aliuleta ukiwa mtupu! Nikakimbilia kabatini kuhesabu vijiko. Vilikuwepo vyote. Nikavihesabu tena. Kisha nikakaa kitini nikiutazama ule ukuta, nusu kijani nusu kahawia, mbaya kuliko mwanzo. Harudi huyu. Kesho wifi atashuka kwenye gari, atautazama ukuta, halafu atatabasamu.

Nikaenda kwa mwosha magari kuazima mashine. Akaniuliza ni ya kuoshea nini. Nikamjibu, "Sakafu." Kwa hiyo nilijua ninachokifanya, tusidanganyane.

Dakika za kwanza, jamani, raha! Kijani kikatoka chote, nikacheka peke yangu, nikasema Dobi mwongo mkubwa. Nikasogea karibu. Maji yakaanza kushuka mekundu, nikadhani ni uchafu. Ilikuwa ngozi ya matofali. Nilipokuja kuizima mashine, ukuta ulikuwa na mashimo, udongo wa katikati ya matofali umetoka hata kidole kinaingia, na ndani sebuleni maji yametapakaa mpaka chini ya makochi. Nilikaa palepale kwenye tope nikalia kwa sauti.

Jumamosi jua halijapanda vizuri, nikasikia hodi. Dobi. Kwenye mfuko mlikuwa na matambara yake ya kuzibia madirisha, aliyokuwa ameyaacha kwangu tangu Alhamisi; alikwenda kuyafua kwake yakauke. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, mwanzo hadi mwisho.

"Uliukaribia sana," akasema.

"Utautengeneza?"

"Huu hautengenezwi kwa kuosha, mama."

Akachukua ufagio akaanza kuzoa ule unga mwekundu. Kabla hajamaliza, gari likaingia. Walikuwa wamewahi. Mdogo wangu akashuka, akashika kichwa.

"Dada! Nani kafanya hivi?"

Wifi alikuwa ameshanikazia macho. Nilifungua mdomo, ukawa mzito, nikaufunga.

"Ni mimi," Dobi akasema. "Nilitumia mashine. Dada yako alinikataza."

Mdogo wangu alimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, mtu wa umri wa baba yetu. Wifi akampiga picha, yeye na ukuta nyuma yake, akazituma kwenye makundi yote ya simu. Dobi aliokota brashi zake moja moja. Nikamfuata getini.

"Kwa nini?" nikamnong'oneza.

"Mimi nina pangu pa kulala," akasema. "Na mwambie fundi wenu apige lipu ya chokaa, saruji itayabana matofali."

Bado nakaa humu. Lipu imepigwa, huwezi kujua kulikuwa na nini. Mdogo wangu husema bora dada yake alimkataza yule mzee, na kila akisema hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki iliyopita wifi alikuja kunitembelea. Tumekaa barazani, akapita jirani yangu wa nyumba ya pili, mjane, nyumba yake ya matofali kama haya, ukungu umemfika madirishani.

"Shoga, yule mzee Dobi kaja kuniomba kazi," akasema. "Nasikia ndiye aliyewaharibia nyumba?"

Wifi akanigeukia kunisikiliza.

"Ndiye," nikasema. "Usimpe."

Yule mjane akanishukuru, akasema basi atamwita mwosha magari aje na mashine.