Elfu Mbili za Paa la Kanisa

Sijawahi kujiona mtu wa madeni. Sukari ya dukani nailipa papo hapo, na karo naimaliza kabla mwalimu mkuu hajapata sababu ya kumrudisha mtu nyumbani. Kwa hiyo siku afisa wa mikopo wa chama chetu cha akiba, hapa Siakago, aliponigeuzia kompyuta yake na kusema, "Mama, wewe uko CRB," nilimwambia amekosea mtu. CRB ndiko wanakoandikwa waliokopa wakanyamaza, na mimi ni mfanyabiashara wa ndengu ninayejulikana mpaka Kiritiri.

"Ni loan ya simu," akasema. "Elfu mbili. Ya miaka minne iliyopita."

Nikacheka. Halafu nikakumbuka, na kicheko kikakatika.

Ilikuwa harambee ya paa la kanisa. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti, anaita watu mmoja mmoja wasimame mbele, waseme wameleta ngapi. Mke wa shemeji yangu alisimama akiwa na kitambaa kipya kichwani na kutaja elfu mbili, makofi yakapigwa. Mimi mkobani nilikuwa na mia tatu. Sasa huyo mwanamke nampenda, lakini siwezi kumvumilia akipigiwa makofi. Niliinama chini ya benchi kana kwamba nafunga kiatu, nikabonyeza simu, nikajaza fomu, na walipouliza namba ya mtu wa karibu nikaweka ya mama mkwe. Jina langu lilipoitwa, pesa zilikuwa zimeingia. Nilitoa elfu mbili na mia tatu, nikampita kidogo tu, nikarudi kukaa nikiwa nimeshiba.

Kulipa ndiko kulikonishinda. Wiki ile ile laini yangu ilipotea, nikanunua nyingine, na moyoni nikajiambia pesa iliyokwenda kwa Mungu haiwezi kunitafuta. Nasema ukweli, nililiamini jambo hilo kabisa.

Sasa ilikuwa imenipata, tena wakati mbaya. Nilikuwa nimeomba mkopo wa mashine ya kupura ndengu. Huku kwetu ndengu zinapigwa kwa fimbo, na kila msimu wanawake wa kijiji hiki hukaa wiki nzima mikono imevimba. Mashine niliiona Embu ikimaliza gunia kabla sijamaliza chai, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Afisa aliniambia nisafishe jina, nilete cheti cha CRB kabla mwezi haujaisha, la sivyo zamu yangu itapewa mwingine. Mashambani maganda yalikuwa yameshaanza kuwa meusi.

Nikaipigia ile kampuni mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, maana watoza madeni wa simu tunawajua. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye lafudhi ya Maua, kule Meru, isiyofichika. Mimi nimeolewa huku Umbeere lakini nimezaliwa Meru, kwa hiyo nikamsalimia kwa Kimeru. Sauti yake ikalegea.

"Deni lilifika elfu nne na penalty," akasema. "Lakini imebaki elfu moja na mia nne."

"Imebaki vipi? Mimi sijalipa hata ndururu."

"Kuna shosho hulipa, yule mama mzee uliyeandika namba yake. Mia, saa zingine mia mbili, akiuza mayai. Kwani hamjaongea? Nilimpigia kukuuliza, akaniambia nisikusumbue, una watoto wadogo. Siku hizi nampigia tu kumjulia hali. Yule mbuzi wake alizaa?"

Mbuzi alikuwa amezaa mapacha. Nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu uani, na kutoka pale nilimwona mama mkwe ng'ambo ya ua wa miti akiwamwagia kuku mahindi. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Miaka yote hiyo tumekunywa chai pamoja kila Jumapili, na hakuwahi kudokeza. Kwake, mke wa mwanawe hatajiwi pesa usoni.

Nikajikaza, nikamwomba kijana anipunguzie penalty, kama ninavyomwomba mtu wa mbuzi soko la Kiritiri: naondoka, narudi, nalia kidogo. Akaenda kwa mkubwa wake, akarudi na elfu moja.

"Tuma leo tumalize," akasema.

"Niandikie kwanza kwamba nikilipa elfu moja, deni limeisha na jina mtaliondoa. Na nitatuma kwa namba ya kampuni, si yako."

"Aki madam, huniamini?"

"Nakuamini. Niandikie."

Akacheka, akaandika. Nililipa dakika ile ile. Halafu nikangoja. Kila asubuhi nilikuwa nikiulizia cheti, na kila asubuhi maganda mengine yalipasuka shambani na kumwaga ndengu mchangani. Mume wangu, anayefundisha Embu na kurudi Ijumaa, alisikia habari yote akaniuliza kama paa la kanisa linavuja. Cheti kilikuja zikiwa zimebaki siku mbili mwezi kuisha, na afisa alikisoma mara mbili kabla ya kugonga muhuri.

Mashine ililetwa kwa pikapu, na watoto wakaifuata mbio hadi nyumbani. Niliamua shamba la kwanza liwe la mama mkwe, bure. Nilifikiri hiyo ndiyo njia ya kusema asante bila kuisema, kwa kuwa yeye hakutaka isemwe. Tulipura magunia manne. Alisimama pembeni akiwa amefunga khanga kiunoni, anaokota punje zilizoruka na kuzitia kwenye kibuyu.

Tulipozima mashine akaja na noti zilizokunjwa kwenye kitambaa. Kila gunia na bei yake, amehesabu kamili.

"Mama, hapana," nikasema. "Hii ni yako. Mimi ndiye..."

Akanishika mkono, akauweka ule mkunjo wa noti kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Chukua," akasema. "Na uniandikie risiti. Huyo kijana wako wa Maua ameshamaliza salio langu la masikio kwa simu zake, sitaki kuanza na mdai mwingine."

Nikamwandikia risiti juu ya kipande cha gunia, nikicheka na kulia kwa pamoja. Aliisoma kwa makini, akanirudishia. Nilikuwa nimesahau kutia sahihi.