Madumu Yakae Mbele

Watu wa pwani wakisikia kwamba huku Misima tunasafiri kwa mashua ya tanga, hucheka. Wacheke tu. Sisi tuna bwawa, ng'ambo ya bwawa kuna wafugaji wenye maziwa, na mvua zikianza barabara ya kuzunguka huwa tope tupu. Bodaboda wote wanaijua na hakuna anayeikubali. Maziwa lazima yapite majini asubuhi, ili yaliwahi gari la kukusanya maziwa linalotoka Korogwe.

Mimi ndiye niliyekuwa nayakusanya, na nilikuwa nachelewa. Gari likishaondoka, maziwa ya watu hushinda kwenye joto mpaka yanakatika. Siku moja dereva aliniambia bila kupindapinda kwamba nikichelewa tena, hatasimama kwetu. Atapitiliza mpaka vituo vya mbele. Nilirudi nyumbani nimefura, na hasira yangu, wanaonijua wanajua, hailali bila kufanya kazi.

Mashua zilikuwa mbili, pacha, zilizoachwa na mradi wa samaki ulioondoka kabla samaki hawajakua. Moja niliitumia mimi. Ya pili kuku wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, walikuwa wanatagia. Fundi wa mradi alitufundisha kwenda na kurudi bila kuzama. Namna ya kwenda haraka hakutufundisha, na nadhani hata yeye hakuijua.

Nilianza na simu. Ina kile kitu cha kuonyesha spidi, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni nikaingia nayo bwawani. Navuta kamba ya tanga, namba inapanda, najisifu. Navuta vilevile tena, namba inashuka. Kumbe muda wote nilikuwa naipa kamba sifa za upepo. Hapo nikapata akili: nikitaka kuujua mwendo wangu, nahitaji mtu wa kwenda naye sambamba, katika upepo uleule. Nikaenda kuwafukuza kuku.

Shemeji hakukosa neno. Aliuliza kama kaka yake ana habari kwamba ameoa nahodha. Nikamwambia apunguze mdomo ashike usukani. Tulipatana kwamba tutaanza sambamba, mmoja asibadilishe chochote, mwingine abadilishe kitu kimoja tu, kisha tuone nani anaachwa.

Kitu cha kwanza kilimuumbua yeye. Shemeji alikuwa utingo wa malori pale Segera, na tanga alilikaza kama turubai la mzigo. Mimi nikalilegeza langu kidogo kidogo mpaka likaanza kupigapiga, nikalirudisha kiasi tu cha kulituliza. Nikampita. Alidai nimemzibia upepo, tukabadilishana pande, nikampita tena. Nilimpungia kanga mpaka ng'ambo.

Cha pili kilituumbua sote. Huku kwetu kila mtu anajua kupakia baiskeli: gunia la mkaa linakaa nyuma kwenye keria, basi. Na mashua tuliipakia hivyohivyo, madumu nyuma, msafiri nyuma kabisa, na hakuna aliyewahi kujiuliza. Asubuhi moja tulijaribu na madumu ya maji, upepo ukiwa mdogo, nikatazama mashua ya shemeji. Nyuma imezama, mbele inatazama mbinguni, na maji yanazunguka nyuma yake yakimvuta. Yangu ilikuwa hivyohivyo. Nikasogeza madumu mpaka kwenye mlingoti, moja moja, nami nikasogea nayo. Maji nyuma yangu yakatulia, yakawa yanateleza kimya. Mashua ya shemeji ikabaki kama imefungwa kwenye mti. Naye akaanza kusogeza madumu yake mbele.

"Shemeji," alisema mwishowe, "kumbe siku zote tulikuwa tunaendesha baiskeli."

Kesho yake tukaenda na maziwa yenyewe kuliwahi gari. Tulipofika ng'ambo kuchukua maziwa, mama mmoja mfugaji, mtu mzima, ambaye maziwa yake yalikuwa yamekatika mara nyingi kuliko ya wote, alikataa kunikabidhi dumu. Alisema amechoka kuletewa habari za maziwa kukatika. Safari hii atakwenda nayo mwenyewe. Hajawahi kukanyaga chombo cha majini maishani mwake. Nikamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai: "Shikamoo yeyo, karibu, lakini kaa mbele." Akakaa, ameyakumbatia madumu, macho ameyafumba.

Upepo ulikuwa hafifu, ule uliokuwa unanichelewesha kila mara. Safari hii tulikwenda. Shemeji alikuwa ubavuni kwangu na mzigo uliobaki, tanga lake limelegea vizuri, na katikati ya bwawa yeyo alifumbua macho akayaacha yakiwa wazi. Tulipofika, barabara ilikuwa tupu. Nikadhani gari limeshapita. Tukapakua hivyohivyo. Tulikuwa tunateremsha dumu la mwisho niliposikia gari linapanda kilima, linakuja.

Dereva alishuka, akatazama madumu, akatazama pindo za kanga yangu zilizolowa. Alipima maziwa yote, akayapokea yote. Habari ya kusimama au kutosimama hakuigusa. Aliuliza tu kesho ategemee maziwa kiasi gani. Nilitaka kujibu, yeyo akanitangulia.

"Leo nimeleta yangu peke yake," alisema. "Kesho naleta ya boma zima."

Nililia palepale mbele ya dereva, wala sikuona haya.