Kachumbari Iliyomposesha Akinyi

Enzi zetu mtaani Nyalenda, hakuna mtoto aliyejua kwamba mboga mbichi zinahitaji chupa. Kachumbari ilikuwa nyanya, kitunguu na chochote kichachu kilichokuwa karibu. Leo binti yangu ana chupa nne za dressing, ule mchuzi wa kumwagia mboga mbichi, kwenye friji, mojawapo ina jina ambalo hata yeye hulitamka kwa mashaka.

Nakumbuka siku watu kutoka Pap Onditi walipokuja kumposa dada yangu Akinyi. Kwetu wageni wa namna hiyo hawaangalii msichana pekee. Wanaonja jiko la mama yake, na shangazi wa kijana ndiye hakimu. Huyu wao ilisemekana aliwahi kuvunja posa nyumba nyingine kwa sababu ya ugali wenye madonge. Akinyi alimpenda yule kijana kupita kiasi, basi asubuhi nzima akazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Samaki walikuwepo, nyanya zilishakatwa, ndipo mama akagundua hana ndimu. Nikatumwa kwa jirani mwenye mti. Akaniambia ndimu zake bado hazijaiva, na mimi nimesimama katikati ya zile za manjano zilizodondoka. Niliporudi mikono mitupu, Akinyi akaanza kulia. Mama hakumbembeleza.

"Mgeni hali kitu kisichokuwepo," alisema. "Nyamaza, tutengeneze kilichopo."

Akachukua ukwaju uliolowekwa kwa ajili ya uji, akaukamua kwenye bakuli, akatia chumvi na pilipili aliyoiponda kwa kijiko. Kisha akainamisha sufuria alimokaangia samaki, akachota mafuta yangali na joto, pamoja na vile vipande vitamu vilivyogandia chini, akamwagia vyote juu ya nyanya na kitunguu. Hakupima. Alionja, akaongeza chumvi, akafunika. Harufu ile ninaijua hadi leo.

Shangazi alikula taratibu. Akinyi alikuwa nyuma ya pazia, ameushika mkono wangu mpaka ukauma. Mwishowe yule shangazi akavuta bakuli upande wake.

"Mama Akinyi, hii umeweka nini?"

"Vitu vya hapa nyumbani tu."

"Basi huyu msichana akuje na hii kachumbari."

Na Akinyi akaenda nayo Pap Onditi.

Mwezi uliopita ikawa zamu ya binti yangu kupokea wageni wa posa. Akinyi alikuja kutoka Pap Onditi kusaidia. Binti alikuwa amenunua majani ya kila aina, yale ambayo sisi tungempa mbuzi bila kufikiri mara mbili. Wageni wameshaketi, akazisoma chupa zake, akakuta zote tarehe zimepita. Akapiga simu dukani kuagiza nyingine, akaambiwa mtu wa pikipiki amekwama Kondele kwa mvua. Nikainuka kuchukua sufuria ya samaki.

"Mama, please," akanizuia. "Hawa ni watu wa maana. Tungoje rider."

Tukangoja. Kizazi hiki kinaweza kufa kiu kando ya ziwa kikisubiri maji ya chupa. Rider hakufika, na mwishowe majani yakapelekwa hivyo hivyo, makavu, na shangazi wa kijana akayasukuma pembeni ya sahani, moja moja, kwa adabu.

Wageni walipoondoka, Akinyi alitoa ukwaju kwenye mkoba wake, akauloweka, akaukamua juu ya majani yaliyobaki kwenye sinia. Mimi nikachota mafuta. Tulikula kwa mikono, tumesimama, na nikamkumbuka mama. Binti yangu akaingia, akaonja, akaonja tena, kisha akatuomba tumtumie recipe kwa simu.

"Nyathina, mwanangu," Akinyi akamwambia, "ilikuwa hapa jikoni wakati ulikuwa unangoja rider."

Enzi zetu mgeni aliondoka akiuliza tumeweka nini. Hawa wageni wa binti yangu waliaga vizuri, wakashukuru kwa soda, na mpaka leo hawajasema watarudi lini.