Kapasita Niliyoipima kwa Mkono

Mimi ni fundi redio hapa Nyarero, na Jumapili hii nimeaibika. Amplifaya ya kanisa letu iliharibika kapasita, ile inayokaa kati ya umeme wa ukutani na upande tunaoushika. Niliweka ya kawaida, si ile maalumu ya usalama, nikaipima kwa kushika maiki tu. Haikunipiga, nikasema ni salama.

Kanisani kwetu tunasali peku. Mchungaji, mzee wa watu, alishika maiki, akapiga ukelele, akaanguka. Waumini wakashangilia, "Roho ameshuka!" Na mimi, Mungu anisamehe, niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Alipoinuliwa alinitazama.

"Fundi, uliijaribu hii?"

"Niliijaribu, Baba."

"Miguuni ulivaa nini?"

"Mabuti ya mpira, Baba."

"Haya. Sasa uko peku. Njoo uishike."