Sala Isiyoingia Kwenye Muhtasari

Mimi si mtu wa kusali hadharani. Kanisani hufika wakati wa matangazo, na hata hapo hukaa karibu na mlango. Lakini tangu nifiwe na mume wangu, Ijumaa ya tarehe 9 Februari, yapata miaka sita sasa, majirani zangu wa Chang'ombe wamejiaminisha kwamba sala ya mjane hupokelewa haraka, kana kwamba tumefunguliwa dirisha letu peke yetu. Ndiyo maana nilipoomba dakika kumi za kuzungumza kwenye mkutano wa mashauriano kati ya serikali na wafanyabiashara, nilipewa sala ya ufunguzi.

"Ni nafasi ya heshima hiyo, shemeji," alisema mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara wadogo. Yeye ni seremala, mzaliwa wa mjini hapa, na alikuwa rafiki wa marehemu.

"Heshima ya dakika moja."

"Nyie watu wa bara bwana! Mkipewa kiti mnataka na meza."

"Meza unauza wewe. Mie nataka kusema."

Nilichotaka kusema kilikuwa hiki. Marehemu aliniachia banda, mashine ya kusagia na jiko la kukaangia karanga. Ndugu zake walinishauri niviuze kabla arobaini haijaisha. Niliwashukuru kwa ushauri na kuwasindikiza hadi barabarani. Leo tuko wanawake wanne pale, na riziki yetu ni hoteli moja ya Kunduchi inayochukua makopo themanini ya siagi ya karanga kila Ijumaa, saa moja asubuhi. Karanga hutufikia Jumatano kutoka Dodoma. Alhamisi tunakaanga, tunasaga, tunafunga. Hatuna siku nyingine.

Wakaguzi nao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliipenda Alhamisi. Tarehe 2 Mei alikuja bwana afya. Tarehe 16 Mei walikuja wa mizani. Tarehe 30 Mei wakaja wa zimamoto, wakaagiza jiko lizimwe ili waukague mtungi wa kuzimia moto. Kila mmoja alikuwa mstaarabu, kila mmoja alitimiza wajibu wake, na kila mmoja alituacha saa kumi jioni tukitazamana na magunia ya karanga mbichi. Mara zote tatu tulipeleka nusu ya mzigo. Tarehe hizo sizikosei: nilianza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane, na kitu cha kwanza nilichoandika bila kushikwa mkono kilikuwa tarehe ubaoni.

Mnunuzi wa hoteli alinipigia simu Ijumaa ya tarehe 31 Mei. "Mama, hii ni mara ya tatu. Ya nne nitalalamika. Ya tano sitapiga simu, nitabadilisha tu."

Basi, Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne na dakika arobaini, mgeni rasmi alipokwisha kuketi, niliitwa mbele. Niliwaomba watu wafumbe macho. Wakafumba.

"Ee Mwenyezi Mungu, uliyeziumba siku saba, unajua sisi wakaanga karanga umetupa Alhamisi. Unakumbuka, Bwana, tarehe 2 Mei alipokuja bwana afya. Unakumbuka tarehe 16. Unakumbuka tarehe 30, lilipozimwa jiko lililokuwa halijaunguza hata panzi. Hatuwakatai wakaguzi, Bwana. Nao umewaumba kwa mfano wako. Tunakuomba tu uwakusanye, waje wote siku moja, na kwa gari moja ikikupendeza. Umpe mgeni rasmi wetu moyo wa kulisimamia jambo hili. Na siku hiyo, Bwana, isiwe Alhamisi. Amina."

"Amina!" Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mgeni rasmi mwenyewe. Mtu atafanya nini, na amefumba macho?

Niliporudi kwenye kiti, mwenyekiti aliniinamia. "Shemeji, umesali au umeshtaki?"

"Nimeshtaki. Nimemruka tu mgeni rasmi, nikaenda kwa mkubwa wake."

Watu walinipongeza wakati wa chai. Mama mmoja wa maandazi alinishika mikono yote miwili, akasema hajawahi kusikia sala yenye tarehe. Nilikula sambusa tatu na kurudi nyumbani nikiwa mshindi.

Muhtasari wa kikao ulinifikia tarehe 26 Juni. Niliusoma mara mbili, kwa kidole. Kulikuwa na hotuba ya mgeni rasmi, kurasa mbili na nusu. Kuhusu mimi kulikuwa na mstari mmoja: "Kikao kilifunguliwa kwa sala." Nilimfuata katibu wa mkutano, dada mpole mwenye mwandiko mzuri, kidole changu kikiwa bado juu ya mstari ule.

"Shikamoo mama. Sala haiandikwi kwenye muhtasari."

"Marahaba. Hata ikiwa na ombi?"

"Mama, sala zote zina ombi."

Nilikuwa nimechagua mahali ambapo hakuna mtu angeweza kunikatiza, nikasahau kwamba mahali hapo pia hakuna mtu anayewajibika kunijibu. Alhamisi ya tarehe 18 Julai akaja mkaguzi wa mazingira, akakuta jiko linawaka. Makopo arobaini yalikwenda Kunduchi. Mnunuzi alilalamika kama alivyoahidi. Ikabaki mara moja.

Nikaacha ujanja, nikaandika barua ya ukurasa mmoja: tunaomba ukaguzi wote ufanywe siku moja. Niliipitisha kwa wachomeleaji, washonaji, maseremala na yule mama wa maandazi. Wote walikuwa na ishu ileile, wote wakasaini. Kisha nikamwambia mwenyekiti nataka kipengele kwenye ajenda, la sivyo atafute mtu mwingine wa kusali.

"Unamgomea Mungu, shemeji?"

"Namgomea katibu."

Nilipata kipengele. Jumanne tarehe 10 Septemba, mwenyekiti akafungua kwa dua ya sekunde tatu, nami nikaisoma barua. Aliyeongoza kikao siku hiyo alikuwa ofisa mmoja mwanamama aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu. Akasema, "Ombi linatekelezeka. Mnataka siku gani?"

Ukumbi ukalipuka. Jumatatu wachomeleaji hupokea vyuma. Jumanne washonaji wako Kariakoo kununua vitambaa. Jumatano maseremala hushusha mbao. Ijumaa kuna msikiti, na maandazi ya harusi za Jumamosi. Tulikuwa tumesaini wote kutaka siku moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni siku ipi. Mimi mwenyewe, msomi wa tarehe, niliamini nchi nzima inajua Alhamisi ni yangu.

"Mie naona Alhamisi iko wazi," alisema mwenyekiti, akitazama dari.

"Iko wazi kwako!"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia wote. Nikafikiria yale makopo themanini. Kilichokuwa kikituangusha, kusema kweli, ni ule mlango kugongwa bila taarifa jiko likiwa limeshawashwa. Nikijua tarehe, hata karanga nitaziwahisha.

"Tutaambiwa mapema?" nilimuuliza ofisa.

"Kila miezi mitatu, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kuanzia Oktoba. Hamtahitaji hata kuambiwa."

"Iandikwe," nilisema, na sikukaa mpaka kalamu ya katibu ilipotulia.

Nilimpigia dereva wa Dodoma alete karanga Jumatatu badala ya Jumatano. Tulikaanga Jumatano. Alhamisi tarehe 3 Oktoba, saa tatu na robo, wakaguzi wote wanne walishuka kutoka kwenye gari moja. Walikuta sakafu imeoshwa, jiko limepoa, na makopo themanini yamepangwa ukutani.

"Mama, leo hamkaangi?" aliuliza bwana afya.

"Leo Alhamisi, baba. Tunapokea wageni."

Mwenyekiti alikuwa amekuja kushuhudia. Alilizunguka lile gari mara mbili. "Siku moja, gari moja. Mungu amekujibu, shemeji."

"Na Alhamisi je?"

"Hapo ulimchanganya mwenyewe, kwa tarehe nyingi."

Ijumaa, saa moja kasoro dakika tano, nilikuwa Kunduchi na mzigo kamili. Mnunuzi alihesabu, akasaini. Muhtasari wa Septemba nimeubandika bandani, juu ya mtungi wa kuzimia moto, ukurasa wa pili, wenye ombi letu na siku yake, ukitazama mlango. Ukurasa wa kwanza una ule mstari wa kufunguliwa kwa sala, nao nimeugeuzia ukutani.