Visiki vya Madam Tumpe

Tumpe alizaliwa Rungwe, ambako nguo iliyoanikwa asubuhi inaweza kulala kambani siku mbili na bado ikatoka mbichi. Serikali, kwa sababu inazozijua yenyewe, ikampeleka kufundisha upande wa Isimani, kule kwenye ukame wa Iringa, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Siku aliyofika alilia. Alikaa kwenye kitanda cha nyumba ya walimu, akautazama uwanja mwekundu usio na hata jani, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Watoto ndio waliomfanya afungue sanduku. Darasa la tano walijua faida za misitu zote, wakizitaja kwa sauti moja kama kwaya, na nje ya dirisha hapakuwa na msitu wala dalili yake. Tumpe alivumilia kichekesho hicho muhula mmoja. Kisha akawatoa nje, akawapeleka nyuma ya vyoo, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka. Zamani palikuwa na migunga hapo. Wazazi na babu zao walishaikata yote ikawa mkaa.

Visiki lakini vilikuwa hai. Kila mvua vilichipua, na kila mara mbuzi walifika kabla ya mtu yeyote. Basi watoto wakazungushia ua wa miiba. Kila mmoja akapewa kisiki chake, achague machipukizi mawili yaliyonyooka, ayapunguze mengine, ayafunge kitambaa ili yasiinamie upande. Nyasi ziliachwa ziote, na watoto walilala kifudifudi ndani yake, wakachimba kwa vidole kuona unyevu unaanzia wapi. Walimu wenzake walicheka wakachoka. Walisema Madam Tumpe kaacha kufundisha, siku hizi anachunga.

Mumewe, Yotamu, alikuwa Mbeya mjini akimhangaikia uhamisho. Nafasi ilipopatikana, Tumpe akaikataa.

"Unaniacha kwa ajili ya visiki, mama?" Yotamu aliuliza kwenye simu.

"Sikuachi. Nipe muda kidogo tu. Migunga ikinipita kimo, nakuja. Nikiondoka sasa, mbuzi wataimaliza na hawa watoto hawataamini tena neno la mtu."

Toka siku hiyo simu za Yotamu zikawa za kusalimia tu, na nafasi ile akapewa mwalimu mwingine.

Migunga ilimfika mabegani. Asubuhi moja Blessing, binti wa darasa la tano ambaye hata kuitikia jina lake ilikuwa kazi, alimkimbilia akihema: ndege kajenga kiota kwenye mti wake. Tumpe alimkumbatia mbele ya watu wote. Hakuna siku aliyofurahi vile tangu ahamie pale, na naapa hajafurahi vile tena.

Ikaja habari kwamba wageni wa mradi wa mazingira watatoka Iringa mjini kuliona darasa la nje. Wakiridhika, watasaidia lipanuliwe na shule za jirani ziige. Wiki hiyohiyo shangazi yake akafariki Tukuyu. Tumpe akaenda kuzika, akarudi asubuhi ya ugeni, kitambaa cha msiba bado kichwani.

Sasa, kila aliyesoma nchi hii anajua mgeni rasmi anavyopokewa shuleni. Nyasi zinafyekwa. Uwanja unafagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Nyasi ndefu shuleni ni aibu, na mtoto akikosea adhabu yake ni kuzifyeka. Mwalimu mkuu, Clement, aliita wazazi, akawaambia madam ana msiba, tusimwache apate aibu. Wakaja wote, na mafyekeo na mapanga, wameacha mashamba yao.

Tumpe alikuta nyuma ya vyoo peupe. Migunga ilikuwa imekatwa usawa wa ardhi, na kila kisiki kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Vile vitambaa watoto walikuwa wamevifua, wakavikunja, wakampangia mezani.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Anania, alimpa mkono kwa heshima zote. "Kamwene, mwalimu. Pole na msiba. Tumesema usirudi ukakuta kazi. Na kale kapori kangewaletea wageni nyoka."

"Asante, baba," alisema Tumpe. Angesema nini? Angewatukana watu waliomkeshea matanga hapa kijijini, kwa marehemu ambaye hata hawakumjua?

Watoto walikuwa wamejipanga mstari. Blessing akasogea mbele, mikono ina malengelenge. "Madam, kisiki changu nimekikata mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine akiharibu. Tumefanya vizuri?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Tumpe aliwatazama, akawatazama wazazi wao waliosimama nyuma wakisubiri kama watu waliopika wakaona mgeni anaonja. Akajikaza, akatabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Mpigieni makofi."

Wageni wakaja, wakasifu usafi. Mgeni rasmi akapanda mche wa mti wa maua, akapigwa picha, akapanda gari. Wakaahidi kuandika ripoti nzuri.

Tumpe alikaa miezi iliyofuata bila kutoka nje na darasa lolote. Alifundisha faida za misitu ubaoni, na watoto wakaimba. Kisha Desemba mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi wazo likamrukia akiwa anachemsha chai. Visiki havijang'olewa. Aliacha sufuria jikoni, akakimbia na kandambili mpaka nyuma ya vyoo, moyo ukimdunda kwa furaha iliyomtia aibu.

Blessing alikuwa ameshawahi. Alichuchumaa kwenye kisiki cha mwisho, mkono mmoja umejaa machipukizi mabichi, mwingine unang'oa. Visiki vyote vilikuwa vimesafishwa.

"Shikamoo, madam. Yalianza kuota tena," alisema. "Nimeyatoa yote."

Akasimama, akajifuta udongo kwenye sketi, akasubiri kusifiwa.