Mchungaji Asiyetambuliwa na Kitabu Kipya

Sogeeni wajukuu zangu, na anayemenya karanga angoje kidogo.

Watu walipofurika kijiji cha Matongo kwa ajili ya dhahabu, mimi niliwauzia uji. Wateja wangu wanne walikuwa na mchezo wa mezani: kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, anarusha dadu, na kitabu cha sheria kinaamua yatakayompata. Mmoja wao, mama mponda mawe, mchezoni alikuwa mchungaji. Miaka mitatu alifuata ng'ombe wake walioibiwa.

Siku moja akaja muuzaji na toleo jipya la kitabu hicho, jalada linang'aa. Kitabu chao alikiinua kwa vidole viwili, kama panya mfu.

"Hiki kimekwisha, mama. Wenzenu wa Mwanza wameshahamia kipya."

"Na mchungaji wangu?"

"Sheria mpya hazimtambui. Utaanza na mtu mwingine."

Mama akaweka nyundo chini. "Mwanangu, rika jipya likitahiriwa, wazee tunawazika siku hiyo hiyo?"

Watu wakacheka. Muuzaji akakuna shingo. "Kwani hao ng'ombe wamefika wapi?"

"Wako mtoni, mto umefurika. Kaa, wavushe wewe."

Akakaa. Uji wake ukapoa. Dadu ilipotoa sita aliruka juu, "Wamevuka!" kwa sauti ya mwenye ng'ombe. Tangu hapo sijaona tangazo linalomvuta mtu kama hadithi ambayo haijaisha.

Kitabu kipya kilibaki kwa wachimbaji waliocheza na mama. Cha zamani, hadithi ilipoisha, alikiomba muuzaji mwenyewe. Mama aliondoka na ng'ombe wake wote wa hadithini, na mimi nikaachiwa ile dadu.